Majibu ya Maige

Asteria hakuwa mtu wa kuwaheshimu wanaume wa stendi. Siku aliyokwenda stendi ya Kahama kupokea mzigo wake wa mafuta ya nywele kutoka Mwanza, alivaa gauni la kitenge cha njano lililombana kiunoni, na uso ameshaukunja tayari kwa ajili ya wapiga debe, ambao kwa maoni yake waliumbwa mdomo kwanza, akili ikaahirishwa. Katikati ya makelele yao alikuwepo mwanaume mrefu, vifungo vya shati amevifunga mpaka kooni kwenye jua la saa nane, masikio ameyaziba kwa viganja.

"Kaka, unaumwa?"

"Hapana. Wanapiga kelele."

"Hii ni stendi. Ulitaka wasali rozari?"

Mwanaume alilifikiria swali lile kwa dhati. "Ingekuwa nafuu," akajibu.

Asteria akacheka bila kupenda. Yule bwana akainua boksi lake bila kuombwa, akalibeba mpaka dukani Nyasubi bila neno, na kabla ya kuondoka akalitengeneza feni la duka kwa sababu mlio wake ulimkera. Aliitwa Maige, fundi wa makarasha, zile mashine za kusaga mawe ya dhahabu huko upande wa Geita. Jioni hiyohiyo alipiga simu kuuliza kama feni bado limetulia, na mapenzi yakaanzia hapo.

"Umenimisi, kipenzi?" Asteria humuuliza kwenye simu.

"Ndiyo."

"Kuliko jana?"

"Sawa na jana."

"We mwanaume, hata kudanganya kidogo tu hujui!"

Dada yake Asteria, Paskalina, alikuwa na saluni jirani na duka, na elimu yake yote aliichota kwenye video za simu huku akisuka watu. Siku moja akatoa hukumu kitana kikiwa mdomoni. "Huyo shemeji ana usonji."

"Ndio ugonjwa gani huo?"

"Siyo ugonjwa. Ni jinsi ubongo ulivyoumbwa. Kelele zinamchosha, utani haumwingii, machoni hakutazami. Jaribio lipo mtandaoni, anajipima mwenyewe."

Asteria akalipuuza hilo jambo kwa dharau, lakini Jumapili akamketisha Maige mbele ya sahani ya chipsi mayai. Maswali yalikuwa ya Kiingereza, na Asteria, aliyeringia Kiingereza chake cha kidato cha nne kama wengine wanavyoringia nyumba ya ghorofa, akaishika simu mwenyewe.

"Mikusanyiko inakuchosha? Aa, wapi! Kipaimara cha mtoto wa Paskalina si ulikaa mpaka mwisho?"

Maige akaitikia kwa kichwa.

"Kelele zinakusumbua kuliko watu wengine? Fundi wa makarasha asumbuliwe na kelele, mbona atakufa njaa!"

Maige akaitikia tena, akala chipsi. Majibu yakatoka: dalili chache. Asteria akaenda kumwonyesha Paskalina, akamwambia arudi kwenye nywele, aachane na bongo za watu.

Miezi ikapita. Mzee Apolinari, mshenga, alipangiwa kupeleka posa Jumamosi kwa wazazi wa Asteria huko Nyahanga. Jumatano Maige akatuma picha kwenye simu. Jaribio lilelile, safari hii dalili nyingi. Chini yake aliandika: "Soma hii kabla mshenga hajaja."

Asteria akapiga simu kwa hasira.

"Mwanzo huna, sasa unazo! Usonji gani huo unapanda kama bei ya dhahabu?"

"Sijui vizuri. Nimeona bora ujue."

"Ukitaka kuniacha, Maige, niache kwa Kiswahili! Usinitumie mitihani."

"Sitaki kukuacha."

"Basi jibu la uongo ni lipi?"

"Labda hakuna. Labda kila moja lilikuwa la siku yake."

"La siku yake! Ni mchicha?"

Akakata. Akampigia mzee Apolinari kwamba Jumamosi asije, kisha akalia nyuma ya duka, na hata kulia kwake alikudharau. Alimpenda yule mtu, na alikuwa amemfukuza.

Kesho yake akalifungua lile jaribio ili aone upuuzi uliomharibia ndoa. Swali la kwanza akalisoma kimya, na kabla hajalimaliza alikwishajua Maige angejibu nini, na akakumbuka nani alijibu. Siku ile Maige hakufungua mdomo ila kwa chipsi. Mtu aliyemkuta stendi ameziba masikio, yeye akambonyezea kwamba kelele hazimsumbui! Majivuno yote aliyowahi kuwacheka nayo wengine yakamrudia, akajiona mshamba kuliko Paskalina.

Akapiga simu.

"Kwa nini hukunikatalia?"

"Ulikuwa umefurahi," alisema Maige. "Na kwetu Bukombe anayekulisha habishiwi. Halafu mwenyewe nilikuwa sijijui. Uliniuliza kuhusu watu wengine. Wengine niliowajua ni mafundi wa makarasha, na wote hurudi wakiumwa kichwa, nikadhani binadamu ndivyo alivyo. Nilipoanza kukaa dukani kwako nikaona watu wanapiga soga kutwa nzima na hawachoki."

"Kwa hiyo dalili nyingi ndio ukweli?"

"Nilijibu nikitoka zamu, nimechoka sana. Nikijibu nimelala vizuri pengine zitapungua. Simu siyo daktari. Daktari nitakwenda."

"Na akisema unao?"

"Nitakuwa mimi huyuhuyu."

Asteria akavuta pumzi. "Sasa sikujibii tena. Unataka kunioa, au unaitikia tu?"

Kimya kikawa kirefu. Zamani angekijaza mwenyewe. Akaiuma midomo, akasubiri, na kwa mara ya kwanza katika maisha yake akaogopa jibu la mwanaume.

"Nataka kukuoa," alisema Maige. "Lakini matarumbeta sitaki. Wala msafara wa kuzunguka mji."

Matarumbeta! Tangu msichana Asteria alijiona juu ya gari, amevaa shela, yakimlilia mji mzima, na wale wanawake wa sokoni aliowadharau wakimeza mate. Sasa wangesema ameolewa kama anayezikwa. Hata hivyo, tangu wapendane hiyo ilikuwa hapana ya kwanza kuisikia kwa Maige, na ilimgusa kuliko ndiyo zake zote.

"Basi wataolewa nayo wengine," akasema, machozi yakimtoka.

Akakata, akampigia mshenga.

"Shikamoo, baba. Samahani kwa usumbufu. Njooni tu Jumamosi."