Tundu la Pampu ya Onesphory

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Kokubanza alizibua jiko la mafuta kwa kifaa alichokitengeneza mwenyewe. Alikuwa amechukua uzi mmoja wa waya wa breki ya baiskeli, akauchomeka kwenye ganda la kalamu ili apate pa kushika. Majiko ya jirani zao pale Kishanda, wilayani Muleba, yalipogoma, aliitwa yeye. Alikuwa darasa la sita tu, lakini wengi walimwita fundi.

Mdogo wake, Onesphory, alikuwa na pumu. Msimu wa kuanika kahawa, vumbi lilimsumbua sana, hivyo alitembea na pampu yake ya dawa mfukoni. Siku moja alilalamika kwamba dawa inatoka kwa shida. Mama yao alisema wataipeleka zahanati siku ya gulio. Kokubanza hakuona haja ya kusubiri. Alichungulia ndani ya pampu, akaona tundu dogo limezibwa na unga mweupe. Akanoa ncha ya waya kwenye jiwe mpaka ikawa nyembamba, akalichokonoa. Unga ukatoka. Hakumwambia mama.

Jumamosi, mama akiwa msibani, Onesphory alianza kukohoa huku akigeuza kahawa mkekani. Akavuta pampu. Dawa haikutoka kama ukungu. Ilitoka matone mazito yaliyoishia ulimini. Akavuta tena. Kifua kikapiga mluzi, mbavu zikabonyea, midomo ikageuka rangi. Kokubanza alipolitazama lile tundu, aliliona limepanuka na kuchanika.

Alimbeba mgongoni, akakatiza kibanja, kati ya migomba na mibuni, mpaka barabarani. Hakukuwa na pikipiki. Alitembea, akachoka, akatembea tena.

"Usilale," alimwambia. "Nitajie jina la mbuzi wetu."

Kichwa cha Onesphory kilimlalia begani.

Kwenye zahanati, nesi Joyness alichukua chupa tupu ya maji iliyotobolewa kitako, akachomeka pampu nyingine kwenye tundu hilo, akamwekea mtoto mdomo wa chupa, akampulizia dawa, kisha akarudia. Kwa muda mrefu hakuna kilichobadilika. Mama, aliyepata habari kule msibani, alifika akihema, akakaa sakafuni. Kokubanza alitoka nje, kwa kuwa hakuweza kukitazama kifua kile. Moyoni alikwisha kumzika mdogo wake.

Nesi alimfuata, ameshika pampu iliyoharibika, akauliza imekuwaje. Kokubanza angeweza kusema kwamba ilianguka.

"Ni mimi," alisema. "Niliizibua kwa waya."

Nesi hakumkaripia. Alirudi ndani kuendelea na kazi yake.

Jioni ilipokaribia, Onesphory aliomba maji kwa sauti ndogo. Ndipo Kokubanza alipoweza kuingia. Nesi aliwapa pampu mpya, akaitenganisha mbele yao.

"Ungesema imeanguka, ningewapa nyingine, nanyi mngeichokonoa vilevile," alisema. "Tundu hili limepimwa ili dawa ifike kifuani. Chuma hakiingizwi humo. Toa kopo la dawa, osha hii plastiki kwa maji ya uvuguvugu, iache ikauke."

Kokubanza aliitikia, machozi yakimtoka. Mama alimshika mikono.

"Mwana wange," alisema, "mikono hii nimeisifu sana, sikukufundisha kuuliza. Usichokijua, uliza kwanza. Aliyeuliza hajawahi kulazimika kumbeba ndugu yake namna ulivyombeba leo."