Chokaa Kwenye Faili

Faili ilikuwa wazi mezani, na ndani hamna hata karatasi moja.

"Kuna kilichovunjwa?" Inspekta Edinah Nabwile aliuliza.

"Hakuna, Madam. Ni mkataba wa kuuza nyumba tu umeibwa." Wacuka, wakala wa nyumba na mashamba mjini Kitale, alikuwa karibu kulia. "Na kule Bungoma kibao changu cha INAUZWA kimeng'olewa kwenye lango la nyumba yenyewe. Jumatatu nampeleka mnunuzi. Bila mkataba nitasema mimi ni wakala wa nani?"

"Unashuku nani?"

"Kimotho! Si ndiye broka anayeninyemelea wateja?"

"Na mwenye nyumba?"

"Mzee Wabwile? Aai, huyo ni mpole. Jana mchana alipita kuniuliza kitu, nikatoka kidogo kutoa fotokopi. Kurudi, ameshaenda."

Nabwile aliinama juu ya faili. Pembeni palikuwa na alama ya kidole gumba, nyeupe pe. Akaikwangua kidogo kwa ukucha. Ilikuwa chokaa.

Kimotho alipotafutwa, kumbe tangu Jumatatu alikuwa Kachibora akizungusha wateja shambani, na mashahidi tele. Basi Ijumaa asubuhi Inspekta akamchukua Wacuka, wakashika njia ya Bungoma. Siku za mwizi ni arobaini, wanasema, lakini huyu wetu hakumaliza hata mbili.

Nyumba ya Mzee Wabwile ilimeremeta kwa chokaa mbichi mpaka langoni. Majogoo sita walikuwa wamefungwa miguu. Viti vya kuazima kanisani vilipangwa ukutani. Nabwile, Mbukusu wa kuzaliwa japo si jamaa ya mzee, nusura acheke. Nyumba kama hiyo haingoji mnunuzi!

"Baba, ni binti gani anaposwa?"

"Ni Fridah," mzee alijibu kwa fahari, kisha akashtuka. "Umejuaje?"

"Wakwe wanakuja lini?"

"Kesho."

"Na kibao kiko wapi?"

Macho ya mzee yalikimbilia banda la kuku. Kibao kilikuwa paa jipya la banda! Inspekta akaingiza mkono ndani. Kuku aliyekuwa akiatamia akamdonoa bila kujali cheo. Chini ya mayai, ndani ya karatasi ya nailoni, ulilala mkataba.

"Ni mimi, Afande," Wabwile akasema. "Nifunge, lakini baada ya kesho."

"Kwa nini, Baba?"

"Wakwe wakute kibao langoni? Si watasema Wabwile amefilisika, ati anauza boma na msichana wiki moja! Nataka kuhamia Saboti nikalime, ni kweli, lakini mtoto wangu atoke hapa kwanza kwa heshima. Huyu Wacuka aliniambia mkataba ni siku tisini, nikadhani kibao hakitoki kabla ya hapo. Nikaona nikiuchukua, siku zenyewe zimekufa."

Nabwile aliufungua, akasoma kwa sauti. "Kifungu cha sita. Mwenye nyumba anaweza kuagiza kibao kiondolewe wakati wowote, kwa kusema tu."

"Kwa kusema tu?"

"Kwa kusema tu, Baba."

Mzee akajishika kichwa. "Woi! Nimetengeneza karatasi kiwandani Webuye miaka thelathini, na hii moja ikanishinda kusoma!"

Inspekta akamgeukia wakala. "Ulimpa nakala yake?"

Wacuka alitazama viatu vyake. "Bado, Madam. Na hicho kifungu, kusema ukweli, hata mimi nilikisahau."

Ni nani aliyeanza kucheka? Hakuna ajuaye. Wacuka alifuta mashtaka papo hapo, akiegemea banda, machozi ya kicheko yakimtoka. Mnunuzi angekuja Jumatatu vilevile. Nao wawili, Inspekta na wakala, wakaalikwa kesho yake kula jogoo.

Jumamosi, mazungumzo ya mahari yalipokwisha, msemaji wa wakwe alimsogezea Wabwile karatasi ya ng'ombe waliokubaliana, na kalamu juu yake. "Weka sahihi tu hapa chini, mkwe wetu. Chakula kinapoa."

Mzee alimtupia Inspekta jicho, akatoa miwani, akaifuta polepole kwa shati.

"Kipoe, bana," akasema. "Hii nasoma mpaka mwisho. Na mniachie nakala."