Mwewe Mbele ya Avion

— Elikia, uko wapi?

— Niko Maboya, chérie. Pneu ya moto imepasuka. Nakuja.

Nyuma ya sauti yake injini, kubwa kuliko ya moto, ile pikipiki yake, ikanguruma mpaka simu ikakwaruza.

— Maboya kuko avion tangu lini?

Injini ikanguruma tena.

— Elikia!

— Bon. Niko bado Beni. Pembeni ya uwanja wa avion.

Nilikuwa nimekaa kwenye kitanda cha mama, kikwembe kipya kiunoni. Sebuleni kwetu Bulengera, wazee wa familia walikuwa wakingoja tangu saa nne, na sasa ilikuwa saa saba. Walikuja kumpokea mchumba wangu, mfanyakazi wa serikali aliyetumwa huku kutoka Kisangani. Kazi yake ni kupima viwanja. Maradhi yake ni kupiga picha kila kinachoruka, ndege wa porini na ndege za chuma, avion.

Siku kama hiyo, kwetu, binti huitwa mbele ya wazee akaulizwa kama anamjua yule mwanaume. Akikataa, wageni wanarudi na mbuzi wao. Watu wa Elikia walikuwa wamefika. Mbuzi pia. Yeye tu ndiye hayupo.

Sauti nyingine, ya mwanajeshi, ikachukua simu.

— Madame, mbote. Ni adjudant. Uyu bwana ni wako?

— Mpaka asubuhi alikuwa wangu.

— Amepiga avion foto. Ni interdit, imekatazwa. Nikamuambia, futa, uende. Anakataa.

— Anakataa?

— Anasema hakupiga avion. Eti alipiga mwewe, avion ikapita nyuma.

Nikamsikia Elikia akipiga kelele kwa mbali:

— Mwewe na avion mu foto moja, mon adjudant! Miaka mbili nangojea!

— Umesikia, madame? Niko na batoto ine ku nyumba, lakini uyu amenichokesha kupita bote.

Mlango ukafunguka. Tante Falonne akaingiza kichwa.

— Kavira, wazee banauliza. Baba mudogo Syauswa amesha vaa kofia, anataka kuenda.

— Umuambie pneu imepasuka.

Akaondoka. Hapo ndipo nilipowaka kweli. Uongo wa Elikia ulikuwa tayari umehamia mdomoni mwangu.

— Adjudant, unipatie yeye.

— Chérie, uelewe, mabawa yalifunguka juste mbele ya...

— Sikiliza. Sitakuambia ufute.

— Merci, ché...

— Sitakuambia, sababu kesho utasema ni Kavira alikufutisha. Amua mwenyewe. Saa tisa wazee bataniuliza kama ninakujua. Nitajibu kile niko najua.

Nikakata.

Baada ya dakika ishirini, ujumbe ukaingia: «Nimefuta. Adjudant ameangalia. Niko ku moto, nakuja.»

Halafu mwingine: «Ilikuwa muzuri sana.»

Sikujibu.

Saa tisa na kidogo akaingia, vumbi mpaka kwenye kope, suti nyeusi imegeuka rangi ya barabara. Mimi nikaitwa. Baba mudogo Syauswa hakumwonyesha kiti.

— Pneu ilipasukia wapi?

Elikia akaniangalia. Nikaangalia ukuta. Kusema Maboya kulikuwa rahisi.

— Hapana pneu, baba. Nilipiga avion foto, basoda bakanishika. Nikakataa kufuta, njo maana nimechelewa. Na Kavira nilimudanganya.

Mjomba mmoja akacheka, akajifanya anakohoa.

— Kavira, unamujua uyu mutu?

Nikasimama.

— Baba, uyu mutu mwaka jana aliniacha ku barabara ya Oicha, mvua inanyesha, sababu ya kandege kamoja. Majina ya avion zote anajua, jina ya tante Falonne anasahau. Ananidanganya ku simu na avion inanguruma nyuma!

— Sikukuuliza ile. Unamujua?

— Ninamujua, baba. Njo maana nimechoka hivi.

Tante Falonne akapiga kigelegele kabla mtu hajamruhusu. Baba mudogo akavua kofia.

— Basi akae. Lakini appareil ya foto itabakia kwangu mpaka siku ya ndoa.

— Mais, baba, mwezi wa kumi korongo banapita...

Nikamkatiza:

— Elikia!

— Bon. Ibakie.

Akaivua shingoni, akaiweka kwenye magoti ya mzee kama mtu anayekabidhi kichanga. Kisha akaja kukaa pembeni yangu, ananuka vumbi na mafuta ya pikipiki. Nikasogea kumpa nafasi. Kidogo tu.