Mkasi Mkononi mwa Kaka

Kila asubuhi kabla ya shule, Chiriku alifagia chumba cha mbele, ambamo baba yake, fundi cherehani, alifanyia kazi. Alikuwa msichana wa miaka kumi na miwili, na jina hilo alipewa kwa sababu mdomo wake haukujua likizo. Kaka yake, aliyemzidi miaka miwili, alipiga pasi nguo za wateja.

"Inua pasi, unaunguza!" baba alifoka siku hiyo.

Kaka hakuinua pasi. Midomo yake ilitafuna hewa. Vidole vya mkono wa kushoto vilichezea kifungo cha shati, na macho yalikodolea ukuta. Suruali ya mteja ikaanza kutoa moshi. Baba aliinuka, akamzaba kofi lililomwangusha kwenye rundo la vitambaa, kisha akamchapa mgongoni kwa rula ya mbao mpaka rula ikavunjika.

"Kiburi hicho utakiacha!"

Baada ya kitambo Kaka aligeuka, machozi yakimtoka. "Baba, nimefanya nini?"

Chiriku alijua jambo. Alishaona kutafuna huko mara nne, na kila mara kaka yake hakukumbuka chochote. Lakini shuleni aliwaona watoto wakimzomea msichana mwenye kifafa, ambaye naye alitafuna hivyo kabla ya kuanguka, na kumkimbia asiwaguse. Aliogopa kwamba akisema, yeye mwenyewe naye atakimbiwa. Basi huyu aliyekuwa na la kusema juu ya kila kitu, kwa hili alifyata mdomo. Ilikuwa aibu, na mwenyewe aliijua.

Jumamosi baba aliwatuma duka la vifaa vya ushonaji. Wakati mwenye duka anatafuta uzi, Kaka alishika mkasi mkubwa uliokuwa mezani. Midomo ikaanza kutafuna. Kisha akatoka nao nje polepole, kama mtu anayetembea usingizini.

"Wewe! Rudisha mkasi!" Mwenye duka alimrukia akamkaba kwa nyuma. Kaka, asiyejua hata alipo, alifurukuta. Ncha ya mkasi ikamchana mwenye duka kiganjani, damu ikachuruzika.

"Mwizi! Ananiua!"

Watu walimiminika kutoka pande zote, na hakuna aliyeuliza swali. Ngumi ya kwanza ilimpasua Kaka mdomo. Mwingine akampiga mtama. Alipoanguka, mateke yakafuata: mbavuni, tumboni, kichwani. Mwanamume mmoja akaja mbio na ubao wenye misumari.

Chiriku alijipenyeza kati ya miguu yao, akamlalia kaka yake. Teke likampata ubavuni, pumzi ikakatika. Alipoipata tena alipiga ukelele: "Ana kifafa! Hajui anachofanya! Nimeona mwenyewe!"

Ubao ulibaki hewani. Watu wakarudi nyuma, wengine kwa huruma, wengine kwa hofu ya kuambukizwa. Mwenye duka, kiganja kimefungwa kitambaa, ndiye aliyetafuta gari la kumkimbiza Kaka hospitalini, akaenda nao.

Huko Kaka alishonwa nyuzi tisa kichwani. Baba alipofika, daktari, mama mwenye sauti ya taratibu, alikuwa akimsikiliza Chiriku. Alisimulia yote: midomo, vidole, macho, na zile mara nne.

"Umenisaidia sana, mwanangu," daktari alisema. "Kifafa si kuanguka tu. Chembe za ubongo huwasiliana kwa umeme mdogo sana. Umeme huo ukivurugika sehemu moja, mtu anaweza kutembea na kushika vitu bila kujua. Ukimkaba, atapambana bila kukusudia. Mwondoe kwenye hatari, mwelekeze taratibu, hesabu dakika. Zikipita tano, mlete. Wala kifafa hakiambukizi."

Alieleza kwamba wangempima ubongo kwa nyaya zinazobandikwa kichwani bila maumivu, na wangemwanzishia dawa, ambazo wengi wakizimeza kila siku hutulia. Kwa wale ambao dawa haziwatulizi, kuna wanaofaa kufanyiwa upasuaji, na watafiti wanazidi kuboresha vifaa vidogo vya kutuliza umeme wa ubongo.

"Hatujamaliza kuuelewa ubongo," alisema, "lakini kwamba hiki si kiburi wala pepo, hilo tunalijua."

Baba alisogea kitandani, akainua mkono amfute Kaka damu shavuni. Kaka akajikunyata, akajikinga uso kwa mikono miwili.

Mkono wa baba ulisimama palepale.

"Nisamehe, fundi," mwenye duka alisema nyuma yake. "Mimi ndiye niliyewaita wale watu."

"Wewe umemkosea leo," baba alijibu, akishusha mkono. "Mimi nimempiga mwaka mzima, nyumbani kwake, kwa kosa asilolijua." Akamgeukia Chiriku. "Nawe mama, ukiona jambo linalomuumiza mtu, liseme mapema, hata kama unayemwogopa ni mimi. Na sisi watu wazima tuulize kabla ya kupiga."

Kisha akapiga magoti kando ya kitanda, mikono yake chini, akasubiri mpaka mwanawe aondoe mwenyewe mikono usoni.