Gundi Bila Uzi

“Simama kwanza. Soli imebanduka!”

Nesi aliinua mguu wa kulia. Soli ilikuwa inaning'inia kama ulimi wa mbwa, na matope yalishaingia hadi kwenye soksi. Mlima ulikuwa bado umebaki nusu.

Mchumba wake, fundi viatu ambaye mtaani walimbandika jina la Sindano kwa sababu haoni kiatu bila kukishona, akatua begi lake taratibu.

“Pole, mpenzi. Turudi tu gesti.”

“Turudi? Umesahau leo ndiyo siku ya mwisho ya kuripoti?”

Hakuwa amesahau. Zahanati ya ng'ambo ya mlima ilikuwa imempa Nesi kazi aliyoisotea miaka mitatu. Nauli ya basi linalozunguka mlima iliwashinda, ndiyo maana tangu jana walikuwa wanakata njia kwa miguu, mabegi mgongoni, wakila mkate mkavu na kulala gesti kwenye godoro lililobonyea katikati. Sindano alijitolea mwenyewe kumsindikiza.

Simu ya Nesi ikaita. Alikuwa daktari mkuu wa zahanati.

“Sista, uko wapi?”

“Njiani, daktari.”

“Saa kumi kamili nafunga daftari. Anayekufuata kwenye orodha ameshakaa hapa kwenye benchi.”

“Mwambie asijisumbue.”

Akakata simu, akakaa juu ya jiwe na kuvua kiatu ili akifunge kwa kamba. Akakigeuza huku, akakigeuza kule. Akapitisha kidole ukingoni mwote.

“Sindano.”

“Naam.”

“Matundu ya uzi yako wapi?”

Sindano akaanza kukaza mikanda ya begi lake.

“Wewe unashona hadi kandambili za majirani. Changu nilichokuletea ukakipaka gundi tupu?”

“Nilikuwa na haraka...”

“Ulikaa nacho siku nne! Nitazame usoni.”

Sindano akatazama chini.

“Nilijua gundi ikilowa itaachia. Nilijua ukikwama utarudi nyumbani. Ukishaanza maisha huku, na hao madaktari, mimi fundi viatu utanikumbukia nini?”

Nesi alitamani kulia, lakini ilikuwa saa saba na nusu, na kulia kunachukua muda.

“Vua viatu vyako.”

“Eh?”

“Vua! Si ulitaka mtu akwame mlimani? Kwama wewe.”

Akavua. Nesi akajazia soksi kwenye ncha, akakaza kamba, akabeba begi lake na kuanza kupanda. Hakugeuka nyuma. Utelezi ulimwangusha mara mbili, goti likachubuka, akajizoa na kuendelea. Mteremko wa upande wa pili aliushuka akishikilia vichaka, akiitukana gundi, mapenzi na wanaume wote wa dunia hii.

Saa kumi kasoro dakika nne alisaini daftari kwa mkono wenye matope. Yule wa kwenye benchi akainuka, akaenda zake.

Ujumbe ukaingia kwenye simu: “Umewahi?”

Akajibu: “Nimewahi.”

“Ashukuriwe Mungu. Niko kileleni. Nakuja.”

Alikuja jua likielekea kuzama, akichechemea, miguu ameizungushia shati lililoraruliwa.

“Sista,” daktari aliita, “mgonjwa wako wa kwanza huyo.”

Nesi akachukua kadi.

“Kazi yako?”

“Unaijua, mpenzi.”

“Kazi yako?”

“Fundi viatu.”

“Tatizo?”

“Woga.”

“Hapa tunatibu miguu.”

Akamwagia dawa kwenye vidonda. Sindano akauma meno, asithubutu kupiga kelele.

“Kwa nini hukurudi gesti? Ilikuwa karibu zaidi.”

“Ningerudi bila kujua kama umewahi?”

Nesi akachukua bendeji. Alimpenda mjinga huyu, na hilo ndilo lililomuudhi zaidi.

“Ulitaka kunikosesha kazi yangu. Sijakusamehe, na sitajifanya nimekusamehe.”

“Naelewa. Kesho nitaondoka.”

“Kwa miguu ipi?” Akakaza bendeji. “Nimeshamuuliza daktari. Hapa pote hakuna fundi viatu hata mmoja.”

Sindano akainua uso.

“Utapanga chumba chako. Utanichumbia upya, kama watu tuliokutana leo. Nikitaka kwenda mahali, utanifuata au utabaki. Kunirudisha nyuma, hapana. Umesikia?”

“Nitakufuata,” alisema Sindano. “Hata peku.”