Kengele ya Boma

Laurentine ndiye aliyegundua kwanza. Kila mchana, katikati ya somo la kushona, Adolphine aliweka sindano chini, akafanya ishara ya msalaba, akaanza kusogeza midomo polepole. Lakini kengele ya sala ya mchana ilikuwa imekwisha kulia zamani, kabla ya chakula.

Hakumsema, maana naye alikuwa na siri yake. Tangu aje Élisabethville kukaa na shangazi yake, hakumwambia mtu kwamba kwao ni Sakania, ule mji mdogo wa mpakani. Mado, jirani yake wa dawati, alizoea kuwacheka watu wa huko: "Bale ba kuuza viazi ku madirisha ya treni."

Wiki ile wasichana walikuwa wakishona kitambaa cha altare kwa sikukuu ya Sakramenti. Adolphine, mgeni kutoka Boma, magharibi kabisa mwa Kongo, alikuwa amechaguliwa kubeba maua mbele ya maandamano.

"Mama Mwalimu," Mado akasema, "huyu anasali ili apumzike. Anatuambia eti kwao ndiyo sasa kengele inalia. Boma iko na jua lake?"

Darasa zima likacheka. Mwalimu Jeanne hakucheka.

"Adolphine, ulisema hivyo?"

"Ndiyo, Mama Mwalimu. Nkambo yangu, mama ya mama, anasali kengele ya Boma ikilia. Siku ya kuagana tulipatana tutasali pamoja."

"Mwongo hatabeba maua yetu," Mwalimu akasema. "Lakini kwanza tujue kama ni uongo. Nani ataniambia: jambo hili linawezekana?"

Adolphine aliinamisha kichwa, machozi yakalowesha kitambaa. Laurentine akajikuta amesimama.

"Hasemi uongo. Treni ikiondoka Sakania, watu wa kule wameiona, sisi huku bado tunaingojea. Ikifika hapa, wa mbele nao wanaingojea. Jua pia linatokea upande wa Sakania, linapita kwetu, ndipo linakwenda Boma. Haliwezi kusimama stesheni mbili kwa wakati mmoja."

Uso wa Mwalimu ukachanua. Akavuta kidole juu ya ramani ukutani, kutoka mashariki hadi baharini. "Ndivyo. Saa ya Boma iko nyuma ya yetu kwa saa moja. Adolphine, sasa hivi huko wanafanya nini?"

"Meli zinapiga honi mtoni. Wanawake wa sokoni wamefunika samaki kwa majani, wamesimama, wanasali."

Mado alitazama dirishani, kule jua lilikokuwa limeelekea. "Basi umalizie sala," akamnong'oneza Adolphine. "Nkambo anakungoja."

"Nchi yetu ni pana, wanangu," Mwalimu akasema. "Mtu asipofanya kama wewe, usikimbilie kumwita mwongo. Muulize kwanza kwao jua limefika wapi. Maua atayabeba Adolphine. Na wewe, Laurentine, hayo ya treni nani alikufundisha?"

Vichwa vyote vikageuka. Laurentine akainua uso.

"Ni mama yangu," akasema, sauti ikafika hadi dawati la mwisho. "Anauza viazi kwenye madirisha ya treni. Mimi ni mtoto wa Sakania."