Tangi Lisilonuka

Matete yalikuwa yamekauka yote, na maji yaliyotoka chini yake kwenda kijitoni yalikuwa meusi. Majitaka ya kijiji kizima yalipita hapo: kwanza tangi, kisha bwawa la matete, ndipo kijito ambacho watu wa bondeni hunywa. Asubuhi hiyo hakuna aliyechota.

Mwenyekiti wa mradi alishahukumu. Fundi wa tangi amezembea, kwa hiyo ahame nyumba ya mradi leo hii, yeye na mama mkwe wake. Mkewe, aliyesafiri kwa dada yake, atawakuta mbele ya safari. Fundi alisimama kimya, macho chini. Watu wakanong'ona kuwa mwenye kunyamaza vile ana lake jambo.

Bibi Afya, aliyetumwa kutoka wilayani, hakuwa mtu wa kukimbizwa.

"Nipe mpaka jioni," alimwambia Mwenyekiti. "Akiwa ni yeye, mizigo yake nitaifunga mwenyewe."

Alianza kwa mpika sabuni, maana mwaka uliopita magadi yake yaliunguza matete. Mpika sabuni aliapa kwamba hajawasha jiko muda mrefu. Bibi Afya hakubishana naye. Aliinama kwenye bomba lake la kumwagia majitaka, akakuta buibui ametanda mdomoni. Huyo akamwacha.

Kisha akafunua tangi. Watu wakarudi nyuma wakiziba pua. Yeye akavuta pumzi, akakunja uso: palinukia kama kisima kilichotiwa dawa.

"Tangi lenye afya hunuka," alisema. "Humu mna vijidudu vinavyokula uchafu wenu. Mtu amevimwagia klorini, vimekufa vyote, na matete yakaungua."

Klorini ya kisima ilikaa stoo, ndani ya nyumba ya fundi. Bibi Afya akamhoji kwa upole. Kuhusu vali na mabomba fundi alijibu yote bila kusita. Alipoulizwa nani aliingia stoo, alisema hajui, na shingo ikamtoka jasho. Lakini ovaroli lake la buluu halikuwa na doa, na klorini haimwagwi bila kurukia nguo.

Wakaingia uani kwa fundi. Kwenye kamba ilianikwa kanga ya kahawia, pindo lake limeliwa na madoa meupe. Fundi akaruka mbele yake.

"Ni mimi," alisema. "Nifukuzeni."

"Na kanga unavaa wewe?"

Mtu mmoja alicheka, akajikatiza. Mlangoni alikuwa ametokea mama mkwe.

"Mwacheni mwanangu. Nilimwaga mimi." Akashuka uani. "Mwenyekiti alisema hadharani, wakaguzi wakikuta tangi linanuka, mkwe wangu hana kazi. Nikasema nilisafishe, lisinuke."

Bibi Afya akamgeukia fundi. "Ulijua?"

"Niliiona kanga. Sasa mama mkwe wangu ningemtajaje mbele za watu?"

"Na wewe, Mwenyekiti, nani alikwambia tangi lisinuke?"

Mwenyekiti hakumfukuza mtu. Yeye mwenyewe alitumwa kijiji cha jirani kuomba ndoo za tope hai la tangi lao, lenye vijidudu, akazibeba huku kaziba pua.

Tope likamiminwa, na kwa siku nyingi mama mkwe hakula akashiba. Kisha asubuhi moja fundi alimwita kutoka tangini, kwa adabu, akiwa amesimama mbali kidogo.

"Mama, njoo."

Alikuja, akainama, akavuta pumzi.

"Linanuka," alisema. Akaketi palepale juu ya kifuniko, akalia kwa furaha.